Mbegu Zinangoja Tovuti

Jumanne. Mvua ya asubuhi, halafu jua la uvivu.

Tangu Dunga mpaka Nyamasaria hakuna mzee anayejua kutengeneza tovuti kunishinda mimi. Waulize. Natengeneza tovuti vile watu wengine wanavyomenya ndizi.

Sawa, huo ni uongo. Tovuti nimetengeneza moja tu maishani mwangu, na hiyo moja imefanya boma langu lisipandwe mahindi.

Ukisimama hapa kwenye baraza unaona mambo yote. Udongo wetu mweusi umekunywa mvua ukalewa, sasa unanyonya kila kiatu kinachoukanyaga. Ng'ambo ya ua, shamba la jirani yangu Oloo limeanza kutoa vijani vidogo, kama masikio ya panya. Upande wangu shamba limelimwa, likalainishwa, likalala. Linalala vizuri sana. Korongo anatembea juu yake polepole kama mkaguzi wa shule, haoni cha kuandika.

Mbegu ziko. Jembe liko. Mvua ndiyo hii. Kinachokosekana ni mkono wa mtu mmoja.

Kwetu mbegu haziendi ardhini ovyo ovyo. Mke wa kwanza wa boma, tunayemwita Mikayi, ndiye hutangulia. Akishaweka yake, wa pili, Nyachira, anaweka yake, halafu ndio wengine. Ukiruka foleni hiyo unaita chira, ile laana ya kuvunja mila, na chira haina sindano hospitalini. Tena usiku wa kuamkia siku ya kupanda, desturi inataka mwenye boma alale nyumba ya Mikayi. Desturi nyingine ni za taabu, lakini hiyo sijawahi kuilalamikia.

Mikayi wangu amefunga mlango.

Nyachira naye amefunga wake. Anasema akinipokea msimu huu, watu wataamini kweli yeye ndiye mkubwa. Kwa hivyo nalala kwenye simba, kile kibanda cha kijana asiyeoa, mimi mzee mwenye wake wawili na magoti mawili mabovu. Kitanda ni cha mtoto wetu aliyehamia kwake zamani. Miguu yangu inatokeza nje kama makasia.

Na yote ni kwa sababu ya tovuti.

Nilianza na nia safi, jambo ambalo kwangu si la kila siku. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya mashua pale ufukweni Dunga. Mashua haikugusa maji kabla jina lake halijapita mkononi mwangu. Baadaye mkono ukaanza kutetemeka, herufi zikacheza ngoma bila ruhusa, na wenye mashua wakaanza kunisalimia kwa adabu nyingi, ile adabu ya watu ambao hawatakupa kazi tena. Binti yetu Achieng akaniachia kompyuta yake ya zamani, ile yenye kitufe kilichong'oka. Nikakaa nayo. Nikaona kwamba tovuti ni ubavu wa mashua tu, ila rangi yake haidondoki kwenye suruali.

Mikayi anasuka mikeka na vikapu vya mafunjo. Nyachira anakaanga na kubanika samaki Dunga. Watu wa hoteli za mjini kila mara wanauliza, mna picha? Nikasema, nitawapa picha, nitawapa boma zima.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye ulimwengu wa kuchagua, na sijui kama nimetoka.

Wako wanaoandika tovuti kwa msimbo mtupu, mstari kwa mstari. Hao ni kama mtu anayeanza mashua kwa kuotesha mti. Mimi nilichukua mfumo wa kusimamia tovuti, ule wa bure. Mashua imeshaundwa, wewe unapaka rangi na kupanga abiria. Unaandika maneno yako, unaweka picha, unabonyeza, dunia inaona. Mtu aliyeachia shule pale mwalimu wa hesabu alipoanza kuchanganya namba na herufi anaweza kuutumia, na mimi ni shahidi.

Halafu kuna mandhari, mimi huita vazi la tovuti. Unachagua vazi, maneno yako yanalivaa. Nilijaribisha mengi kuliko bibi harusi. La kwanza lilikuja na picha ya mwanamke anachekea bakuli la majani mabichi. Lingine lilikuwa na picha zinazoelea na kupishana, tamu kama ndoto, lakini nilipolifungua kwenye simu ya Nyachira, ambayo kioo chake kimepasuka kama ardhi ya Januari, maji ya ugali yalichemka, ugali ukasongwa, na ukurasa bado ulikuwa unazunguka. Wateja wake wengi wako Nyalenda, na simu zao si ndugu za simu za matangazo. Nikachukua vazi jepesi, halina urembo wowote, kama leso. Hapo nilikuwa na akili.

Akili ikaniacha kwenye plagini.

Plagini ni programu ndogo unayoiongeza kwenye mfumo, ifanye kazi ambayo mfumo wenyewe haujui. Ziko za bure kama hewa. Ya kuhesabu wageni, nikaweka. Ya kuangusha theluji juu ya ukurasa, nikaweka, sijawahi kuona theluji. Ya kuharakisha kurasa, ambayo watu wote walikuwa wanaisifu, nikaweka bila kusoma. Hiyo ishike. Itarudi.

Kwenye jambo la maana zaidi nilikuwa makini. Nilijua habari ya mbegu. Nikaandika habari ya Mikayi kwanza, picha yake amekaa katikati ya vikapu kama chifu, nikaiweka. Nilimwacha alale usiku mmoja peke yake kwenye tovuti, kwa heshima. Kesho yake ndipo nikaweka habari ya Nyachira.

Siku ya kuifungua tulikuwa Dunga, kwenye banda la wakaanga samaki. Vichwa vikajaa juu ya simu yangu.

Pale juu kabisa, Nyachira. Anacheka, ameinua mbuta mkubwa kwa mikono miwili.

Na Mikayi? Shuka. Shuka tena. Pita samaki, pita mkia wa samaki. Hapo chini, ndio, huyo hapo.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anageuza ngege kwenye mafuta akasema bila kuinua macho, "Kumbe siku hizi kuna Mikayi mpya."

Banda zima likacheka. Mikayi akasema, "Baba Achieng." Basi. Jina langu tu. Akachukua kikapu chake, akaondoka, na ziwa nyuma yake likanyamaza kama mtoto aliyevunja sahani.

Mfumo huu, nilikuja kujua baadaye, hupanga kipya juu na cha zamani chini. Ndivyo ulivyozaliwa. Waliouandika walidhani kila mtu duniani anaamka akitafuta kipya. Hakuna hata mmoja wao aliyelelewa kwenye boma lenye mama wawili.

Nilimweleza Mikayi kwamba ni mashine. Akanitazama kwa ule upole unaotisha.

"Na mashine ilijuaje nani mdogo?"

Swali hilo halijaniacha mpaka leo. Nimelifikiria nikioga.

Mvua ya kwanza ikaja. Boma zima likatazama mlango wake. Akatoka, akaweka kigoda, akaanza kusuka mkeka. Nilipouliza habari ya mbegu alisema, "Atangulie yule wa juu."

Basi nikaanza kutafuta dawa ndani ya kompyuta, maana humo ndimo ugonjwa ulimotoka.

Dawa ya kwanza ilikuwa rahisi kiasi cha kutia shaka. Kila habari ina tarehe yake, na tarehe inabadilishwa. Mpe Mikayi tarehe ya leo, atapanda juu. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe, ndipo nikaona ninachofanya. Ningempandisha kwa kumfanya mpya. Ningemfanya ameingia bomani baada ya mwenzake. Miaka yote ile ya moshi na watoto na mama yangu mzazi, ambaye hakuwa mtu rahisi, ningeifuta kwa kidole kimoja ili sura ikae vizuri. Mimi ni mtu wa uongo mdogo mdogo, wote mnajua. Huo ulinishinda. Nikafunga kompyuta, nikaenda kutazama mvua.

Dawa ya pili: kuna kitufe cha kubandika habari juu isishuke. Nikabandika. Lile vazi langu likamwekea Mikayi alama ndogo ya pini kando ya jina. Nikampelekea akaone.

"Huu msumari ni wa nini?"

"Wa kukushika juu, usishuke."

"Kwa hivyo ukiung'oa naanguka."

"Sitaung'oa."

"Sikuingia boma hili kwa kugongomelewa," akasema, akaendelea kusuka.

Nyachira naye alikuja na lake, jioni, ameshika sahani ya samaki aliyofunika kwa sahani nyingine. Mmoja alikuwa wangu. Mkubwa zaidi, mwenye mayai, alikuwa wa Mikayi, na alitaka mimi nimpelekee kwa sababu yeye alishapeleka mara moja akarudishiwa sahani ikiwa imejaa.

"Mzee, nitoe mimi kwenye hiyo kitu," akasema. "Nina maharagwe ya kupanda."

"Nikikutoa atasema nimekuficha."

"Basi mtoe yeye."

"Nataka kuishi."

Akacheka, lakini macho yake yalikuwa shambani. "Mimi sikuomba kukaa juu," akasema. "Huko juu ni jua tu."

Nikaona hapo kwamba nimewaumiza wote wawili kwa picha moja. Maharagwe yakichelewa, anayelala njaa mwezi wa saba si mashine.

Jana ndiyo iliyokuwa siku yenyewe. Mvua ilipiga mabati tangu alfajiri, ile mvua isiyo na haraka, na mimi nikawa nasoma kwenye mabaraza ya mtandaoni, mahali watu wa misimbo wanapouliza na kujibizana. Wanatukanana kwa adabu kubwa. Mmoja anasema tumia plagini fulani, mwingine anasema plagini kwa kazi hiyo ni kukodi lori kubeba kiberiti. Mvua na maneno vikachanganyika. Sijui kama nililala. Niliona mashua zote nilizowahi kuandika zimejipanga ziwani, zilizooza na zile nzima, kubwa ya zamani mbele, changa nyuma, na gugumaji linaelea katikati yao na maua yake ya zambarau, polepole, kama mtu anayetafuta kiti chake kanisani. Hakuna mashua iliyomsukuma mwenzake. Nilitaka kusoma majina lakini herufi zilikuwa bado mbichi.

Nilipofumbua macho, jibu lilikuwa pale kwenye kioo.

Mtu mmoja aliuliza zamani sana swali langu hasa. Hakusema kwa nini. Labda naye alikuwa na wake wawili, sitaki kumsingizia. Na mtu mwingine akamjibu kwa msimbo mfupi unaouambia mfumo: panga kuanzia wa zamani, uende kwa mpya. Basi. Hapakuwa na pini wala tarehe ya uongo. Mkubwa kwanza kwa sababu ndiye aliyetangulia.

Nilimwaza yule mtu. Aliandika jibu lake, akafunga kompyuta, akaenda kula. Pengine kwao kuna theluji, ile ya kweli. Hajui Nyamasaria iko wapi. Hajui kwamba ameshika mkono wa mwanamke mzee na mbegu zimo ndani ya huo mkono. Nilitaka kumwandikia asante, lakini ukurasa wake ulikuwa umefungwa, hauandikiki tena.

Nikanakili msimbo wake. Walikuwa wameonya usiuweke kwenye vazi lenyewe, tengeneza vazi la mtoto, ambalo hurithi kila kitu kwa mzazi, ili siku mzazi akibadilika kazi yako isipotee. Nikasoma onyo hilo, nikalikubali, nikafanya vile nilivyotaka. Tena nikasahau nuktamkato mwishoni mwa mstari. Tovuti yote ikawa nyeupe. Haikuwa na vikapu wala samaki, nyeupe tu kama jicho la ngege aliyechemshwa. Nilikaa mbele ya ule weupe nikasikia amani ya ajabu, nikawaza, labda tuishi hivi.

Lakini nilikuwa nimeweka nakala ya kila kitu kabla ya kuanza, sababu hata mpumbavu hufunga mashua kabla ya kulala. Nikairudisha. Safari hii nikatengeneza vazi la mtoto kama nilivyoagizwa, nikaweka msimbo humo, nuktamkato na yote.

Mikayi juu. Nyachira chini yake. Itakaa hivyo hata nikioa tena. Sioi tena, nasema tu.

Nikavuka uwanja na mvua yangu kichwani, udongo ukabaki na kiatu kimoja, sikurudi kukichukua. Nikamwambia, fungua simu yako mwenyewe uone.

Akafungua.

Nyachira yuko juu, ameinua mbuta.

Nilisema itarudi. Ile plagini ya kuharakisha kurasa, siri yake ni hii: haipiki. Mgeni akija mara ya kwanza inapika ukurasa, halafu inamwekea sufuria, tena sufuria nyingine inamwachia ndani ya simu yake. Akirudi anapewa kiporo. Ndiyo maana ni ya haraka, nani hawezi kuwa wa haraka kwa kiporo. Mikayi alikuwa ameufungua ule ukurasa mara nyingi tangu siku ile ya Dunga, sijui kwa nini, pengine vile mtu anavyogusa jino bovu kwa ulimi. Simu yake ilikuwa imejaa viporo.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Aliirudisha simu kifuani, akasema, "Hata uongo wako umezeeka, Baba Achieng."

Nimeing'oa hiyo plagini. Nimeing'oa na ya theluji. Kwenye simu yangu mambo ni sawa, kwenye ya Nyachira ni sawa, nilimfutia kiporo mwenyewe. Ya Mikayi hairuhusu mkono wangu kuikaribia.

Asubuhi ya leo nilipita mbele ya mlango wake nikijifanya natafuta kile kiatu. Akanisemesha kutoka ndani. Sauti haikuwa ya vita, ilikuwa ya mtu aliyechoka kununa na hajui pa kuweka mzigo.

"Simu yako inakuogopa. Ya Nyachira inakupenda. Nitaamini nikiona kwa simu ya mtu asiye wa boma hili."

Baadaye akatoka, akaweka kibuyu cha mbegu kizingitini. Hakukipeleka shambani. Hakukirudisha ndani pia. Kiko pale, chini ya ukingo wa mabati, matone yanaanguka hatua moja mbele yake. Nimekitazama tangu saa hiyo. Najiuliza kama mtu anaweza kuwa na wivu juu ya kibuyu, kwa kuwa chenyewe kinalala karibu na mlango.

Mawingu yanakusanyika tena juu ya ziwa. Kesho udongo utakuwa bado laini. Wiki ijayo sina hakika.

Sasa nasema na wewe, Oloo. Najua unasoma hapa, kwenye hii shajara ninayoiandika kwenye ukumbi wa bure wa mtandaoni, mbali na tovuti ile, kwa sababu wasomaji wangu ni wewe na zile mashine zinazoacha maoni ya kuuza dawa za nguvu za kiume. Kukuita kwenye ua siwezi, Mikayi anasikia mpaka mchwa, atajua tumepanga. Hii shajara yeye haisomi. Anasema nikiongea tu inatosha.

Wewe Mikayi anakuamini. Unajulikana mtaa mzima kwamba hujui kudanganya, hata mzaha unakushinda, umeharibu hadithi zangu nyingi nzuri kwa kusema ukweli katikati. Na tena hujawahi kuifungua tovuti ile ya vikapu na samaki. Nilikununia kwa hilo. Nasamehe. Simu yako haina kiporo.

Unakumbuka ng'ombe wako aliyeshikwa na uchungu wewe ukiwa matangani kwa shemeji zako? Nani alikaa naye? Nani alivua shati lake la Jumapili akampangusa ndama? Ulisema, "Jaduong', mzee wangu, siku moja nitakulipa fadhila hii." Sikutaka kukukumbusha. Nimengoja tu mpaka leo.

Pita kesho kwa Mikayi, kama mtu aliyekuja kuuliza bei ya mkeka. Fungua tovuti kwa simu yako, mpe aishike mwenyewe, usimwelekeze macho, na usiseme mimi nimekutuma isipokuwa akiuliza, maana najua akiuliza utasema.

Ila uje mapema, ndugu yangu. Jua likizama kuna mlango nataka nikaupigie hodi.